Kamera kifuani mwa njagu, swichi mkononi mwa nani?

HEBU mchunguze mtu yeyote kwenye harusi pale mpiga video anapomsogelea na ile taa yake kali. Shangazi aliyekuwa ananung'unika kwamba sahani yake ya pilau haina nyama, ghafla anatabasamu hadi gego linaonekana. Mjomba anasukuma chupa ya nne chini ya meza kwa mguu. Na yule kijana aliyezamia bila kadi, anamkumbatia bwana harusi kama vile walisoma wote tangu chekechea. Taa ikishapita tu, kila mtu anarudi kwenye mambo yake.

Binadamu ndivyo tulivyo. Njagu naye, pamoja na kofia yake na kirungu chake, ni binadamu huyo huyo. Ndiyo maana wenzetu Uingereza na Marekani walikaa chini wakasema: kwa nini tusimfunge mpiga video kifuani kwake, atembee naye zamu nzima?

Kifaa chenyewe hakitishi. Ukubwa wake ni kama pakiti ya sigara, kinabanwa kwenye sare katikati ya kifua, kina lenzi, kinasa sauti na betri ya kumaliza zamu. Afande akibonyeza kitufe kinaanza kunasa. Akirudi kituoni anakipachika kwenye chaja, na mkanda unahama kwenda kwenye hifadhi ya kompyuta. Nauita mkanda kwa mazoea tu, mle ndani hakuna mkanda wowote siku hizi.

Waingereza ndio waliotangulia kujaribu, kule Plymouth kwenye miaka ya 2005 na 2006. Lakini mji uliofanya dunia nzima igeuze shingo ni Rialto, kamji ka watu kama laki moja hivi katika jimbo la California. Kuanzia Februari 2012, kwa mwaka mzima, mkuu wa polisi wa pale alifanya mchezo wa kura: zamu hii mvae kamera, zamu ile msivae. Mwaka ulipokwisha wakahesabu. Malalamiko ya raia dhidi ya askari yalishuka kwa asilimia 88 ukilinganisha na mwaka uliotangulia. Matumizi ya nguvu, yaani virungu, ngumi, umeme na bunduki, yalishuka kwa asilimia 60. Wee! Wenye viwanda vya kamera walicheka mpaka machozi. Dawa imepatikana.

Halafu Agosti 2014, katika mji wa Ferguson jimboni Missouri, kijana mweusi wa miaka 18 asiye na silaha, Michael Brown, alipigwa risasi na askari akafa. Waliokuwapo mtaani, wengine walisema alinyoosha mikono juu, wengine wakasema alimfuata askari. Kamera hakuna. Mji ukawaka moto. Desemba mwaka huo huo Rais Obama alitangaza mpango wa dola milioni 75 kwa miaka mitatu, kusaidia kununua kamera 50,000 za kifuani.

Sasa sikia kisa kilicholeta sheria ya kwanza ya jimbo zima, maana ndani yake kuna fundisho ambalo hata wenyewe naona walilipita haraka.

Ni Jumamosi, Aprili 4, 2015, mji wa North Charleston, jimbo la South Carolina. Mzee wa miaka 50, Walter Scott, anasimamishwa kwa sababu taa moja ya breki ya gari lake imekufa. Taa ya breki, msomaji! Kosa ambalo hapa kwetu linamalizwa kwa lugha laini na kupeana mikono. Scott akatoka garini akakimbia. Askari akamfukuza. Muda mfupi baadaye askari anatangaza kwenye redio yake kwamba risasi zimepigwa na mtuhumiwa yuko chini, eti alimnyang'anya kile kifaa cha kupigia shoti ya umeme.

Ingeishia hapo. Faili lingefungwa, mzee angezikwa, na jina lake lingebaki kwenye karatasi kama mtu aliyetaka kumdhuru askari kazini. Lakini kulikuwa na kinyozi anapita zake kwenda kazini, simu mkononi. Akapiga picha. Picha ikaonyesha mzee anakimbia, mgongo umegeuka, na askari anasimama vizuri, analenga, anafyatua mara nane. Kisha anakwenda kuokota kitu chini na kukidondosha karibu na mwili. Aprili 7 picha ikatoka hadharani, na siku hiyo hiyo askari akashitakiwa kwa mauaji. Kesi ya kwanza wazee wa baraza walishindwa kuafikiana, ikavunjika. Mwaka 2017 akakiri kosa katika mahakama ya shirikisho na mwezi Desemba akafungwa miaka 20.

Juni 2015, South Carolina ikawa jimbo la kwanza Marekani kuweka sheria ya kuwalazimisha polisi wake kuvaa kamera. Familia ya Scott ilialikwa kushuhudia sahihi ikiwekwa. Vizuri kabisa. Lakini ukiisoma sheria yenyewe unakuta vijimambo. Kwanza, hakuna kituo kinacholazimika mpaka serikali itoe fedha. Pili, mkanda wa askari si kumbukumbu ya umma, kwa hiyo mimi na wewe hatuna haki ya kuuomba. Yaani kamera imewekwa kwa sababu ya picha iliyopigwa na raia, halafu raia akaambiwa picha ya kamera hiyo haimhusu.

KUBAMBIKIWA

Kuna neno moja kila kijana wa mjini analijua hata kama hajawahi kulala lupango: kubambikiwa. Unakamatwa kwa uzururaji, unafika kaunta unakuta umeshakuwa mwenye kete. Ukibisha, ni neno lako na la afande, na la afande lina muhuri.

Basi kumbe hata Marekani wanabambikia. Januari 2017, mjini Baltimore, askari mmoja alinaswa na kamera yake mwenyewe. Na hapa niwaeleze kitu kuhusu zile mashine, maana ndicho kilichomponza. Kamera ikiwa imewashwa lakini kitufe hakijabonyezwa, yenyewe inaendelea kutazama kimyakimya. Ukibonyeza, inarudi nyuma na kuhifadhi sekunde 30 zilizopita, picha tu bila sauti. Lengo ni kwamba tukio likianza ghafla, mwanzo wake usipotee.

Afande ama alisahau, ama hakuwa anajua. Katika zile sekunde 30 za kimya anaonekana uani, kwenye takataka nyuma ya nyumba, anaweka kifuko ndani ya kopo. Wenzake wawili wamesimama wanatazama. Anatoka taratibu hadi barabarani. Anabonyeza kitufe. Sauti inaingia, naye anatangaza kwamba anakwenda kukagua pale uani. Anarudi, anapekua pekua kama mtu asiyejua pa kuanzia, halafu, lahaula, kifuko hiki hapa, na ndani yake vidonge vya unga!

Mtu aliyeshikwa kwa kesi ile alikuwa amekaa mahabusu miezi kama sita kwa kukosa fedha za dhamana, mpaka ofisi ya mawakili wanaowatetea watu wasio na uwezo ilipoukagua mkanda mwaka huo huo. Kesi ikafutwa. Kesi nyingine chungu nzima zilizotegemea ushahidi wa askari wale zikafutwa pia. Afande akajitetea kwamba alikuwa amezipata dawa kweli, akawa anarudia tukio kwa ajili ya kamera. Yaani ati alikuwa anaigiza. Mwaka 2018 mahakama ikamtia hatiani kwa kutengeneza ushahidi.

Kila ninapokisikia kisa hiki nawaza jambo moja. Kilichomwokoa yule mtu wa Baltimore si kamera peke yake. Ni kwamba wakili wake aliruhusiwa kuitazama. Mkanda ule ule ukikaa ndani ya kabati la kituo na ufunguo uko kwa bosi wa aliyebambika, hauna tofauti na mkanda mtupu.

MBONA BADO WANAPIGA?

Haya, tulisema dawa imepatikana Rialto. Jiji la Washington nalo likataka kuhakikisha. Safari hii si askari wa mji mdogo, ni zaidi ya 2,000, nusu wakapewa kamera na nusu wakaachwa. Majibu yakatoka Oktoba 2017. Wenye kamera na wasio na kamera hawakuachana kwa kiasi cha kuhesabika, si kwenye kutumia nguvu, si kwenye malalamiko. Mbona Rialto ilifanya kazi?

Jibu zuri zaidi nililolisoma lilikuwa limeshatoka mwaka 2016, kutoka kwa wataalamu wa Chuo Kikuu cha Cambridge na wenzao waliofanya majaribio sehemu mbalimbali. Kwa ujumla wao waliona kamera haileti nafuu. Lakini walipowatenganisha askari kufuatana na walivyoitumia, picha ikabadilika kabisa. Pale ambapo askari aliwasha kamera kila tukio bila kuchagua, na kumwambia raia kwamba anarekodiwa, matumizi ya nguvu yalishuka kwa asilimia 37. Pale ambapo askari alijiamulia mwenyewe lini awashe na lini azime, nguvu iliongezeka kwa asilimia 71. Iliongezeka, jamani, kuliko hata asiyevaa kamera!

Ukifikiri kidogo unaona sababu. Mwachie yule mjomba wa harusini ashike kamera yeye mwenyewe, halafu uje utafute chupa kwenye video. Hutaiona hata moja, na watoto wake watakuonyesha mkanda kama ushahidi kwamba baba hanywi.

Juni 1, 2020, mjini Louisville, Kentucky, usiku wa amri ya kutotembea, polisi na askari wa jeshi la akiba walifyatua risasi na mchoma nyama mmoja maarufu, David McAtee, akauawa mlangoni pa biashara yake. Walipokwenda kutafuta mikanda ya kamera za askari waliohusika, ikaonekana hazikuwa zimewashwa. Meya alimfukuza kazi mkuu wa polisi siku ile ile. Hilo nalipongeza, maana kwingine unaambiwa tume inaundwa. Lakini mchoma nyama hakurudi.

Na hata zikiwashwa, njagu mjanja anajifunza kuigiza. Januari 7, 2023, mjini Memphis, Tyre Nichols, kijana wa miaka 29 aliyependa kuteleza na ubao wa magurudumu na kupiga picha za machweo, alisimamishwa barabarani akapigwa na askari wa kikosi maalumu. Alifariki siku tatu baadaye. Askari walikuwa na kamera vifuani. Ukisikiliza sauti unasikia wanafoka: lete mikono, lete mikono! Ukitazama picha, mikono wameishika wao wenyewe. Maneno yalikuwa ya kamera, mateke yalikuwa ya Tyre. Na picha iliyoonyesha jambo zima vizuri haikutoka kifuani mwa mtu, ilitoka kwenye kamera ya mtaani iliyofungwa juu ya nguzo, ambayo hakuna askari aliyeweza kuigeuzia mgongo.

Jiji lile lilitoa mikanda hadharani kabla ya mwezi kwisha, na askari watano walikuwa wameshafukuzwa kazi na kushitakiwa. Kasi hiyo ni ya sifa. Hata hivyo Mei 2025 baraza la mahakama ya jimbo liliwaachia watatu wao kwa mashitaka yote. Kwa hiyo anayedhani video ni hukumu, apunguze spidi.

NANI ANA UFUNGUO?

Linganisha na Chicago. Oktoba 20, 2014, kijana wa miaka 17, Laquan McDonald, alipigwa risasi 16. Maelezo ya kwanza yalikuwa kwamba aliwaendea askari na kisu. Kamera iliyokuwa ndani ya gari la polisi ilimwonyesha akitembea kuelekea pembeni, mbali nao. Jiji likailipa familia dola milioni 5 hata kabla haijafungua kesi, na mkanda ukabaki kabatini. Ulikaa miezi 13. Ulitoka Novemba 2015 kwa sababu jaji aliamuru, na siku hiyo hiyo ndipo askari aliposhitakiwa. Mkanda ulikuwapo tangu usiku wa kwanza. Walioutazama walijua.

Au North Carolina, ambako sheria ya mwaka 2016 inataka amri ya jaji kabla mkanda haujatolewa kwa umma. Aprili 2021 askari walimuua Andrew Brown akiwa kwenye gari lake mjini Elizabeth City. Familia ilipoitwa kutazama, ikaonyeshwa sekunde 20. Ishirini! Trela la sinema ni refu kuliko hapo.

Halafu kuna Minneapolis, ambayo kila mtu anadhani anaijua. Mei 25, 2020, askari waliomkamata George Floyd walikuwa wamevaa kamera, na zilikuwa zinafanya kazi. Taarifa ya kwanza ya polisi usiku ule ilisema mtu amefariki baada ya kuonekana na tatizo la kiafya wakati wa kukamatwa. Goti halikutajwa. Mikanda ya vifuani umma uliiona Agosti. Dunia ilikuwa imeshaona tangu siku ile ile kwa sababu binti wa miaka 17, aliyemsindikiza binamu yake mdogo dukani, alisimama na simu yake dakika zote zile hakutikisika. Aprili 2021 askari yule alitiwa hatiani kwa mauaji, na Juni akapewa miaka 22 na nusu.

Hapo ndipo ninapopata wasiwasi na wale wanaosema kamera za polisi zikija, raia waache kupiga picha na simu zao, wasiingilie kazi. Thubutu!

TUKIRUDI NYUMBANI

Huku kwetu mambo ya picha na polisi si mageni. Septemba 2, 2012, kijijini Nyololo, Mufindi, mwandishi wa Channel Ten Daudi Mwangosi aliuawa akiwa kazini wakati polisi wakitawanya mkutano wa Chadema. Waandishi wenzake walikuwapo na kamera. Picha ya Mwangosi akiwa amezungukwa na askari wenye kofia ngumu ilizunguka nchi nzima, na hakuna maelezo yaliyoweza kuifuta. Mwaka 2016 Mahakama Kuu Iringa ilimhukumu askari mmoja miaka 15 kwa kuua bila kukusudia. Wengi walisema ni kidogo, na walioonekana kwenye picha walikuwa zaidi ya mmoja. Lakini ni hukumu.

Sasa iweke kando ya ile ya Januari 2006, pale wafanyabiashara watatu wa madini kutoka Mahenge na dereva teksi wao walipouawa jijini Dar es Salaam. Polisi walisema ni majambazi, na kwamba palikuwa na kurushiana risasi. Tume ya Jaji Kipenka ikaja kusema hawakuwa majambazi na hapakuwa na kurushiana risasi. Kule msituni hapakuwa na kinyozi mwenye simu wala mwandishi. Mwaka 2009 Mahakama Kuu iliwaachia washitakiwa wote, na rufani zikaendelea kwa miaka. Wakati wote huo kilichokuwa kinashindaniwa ni maneno ya nani aaminiwe.

Na majirani zetu Kenya wametupa somo la karibuni kabisa. Juni 2025 mwalimu Albert Ojwang, umri miaka 31, alikamatwa Homa Bay kwa madai ya kumwandika vibaya afisa mkubwa wa polisi mtandaoni, akasafirishwa hadi Nairobi. Alfajiri amekufa. Polisi wakasema alijigonga ukutani mwenyewe ndani ya selo. Daktari wa serikali aliyeupasua mwili akasema majeraha ya kichwa, kubanwa shingo na michubuko mwilini hayafanani na mtu aliyejigonga. Tukazitazame kamera za kituo basi! IPOA, mamlaka ya Kenya inayochunguza polisi, ikaliambia Bunge la Seneti kwamba kamera zile zilikuwa zimechezewa. Mkuu wa kituo na wenzake walifikishwa mahakamani kwa mauaji, wakakana.

Kamera zilikuwapo, mnaona? Zilikuwa ukutani, zimelipiwa na kodi za watu. Aliyekuwa karibu na swichi ndiye aliyepaswa kuogopa picha.

Nisiwe mtu wa kulaumu upande mmoja. Nina jamaa zangu ndani ya jeshi la polisi, na nawasikia wakilalamika. Askari wa usalama barabarani anasimama juani kutwa, akimkamata mwenye gari zuri anaambiwa "unanijua mimi ni nani?" Simu inapigwa kwa mkubwa, leseni inarudi na afande anaonekana mkorofi. Kamera ingemsaidia sana huyo. Mlevi anayejichana mwenyewe na kusema amepigwa, naye angekoma. Huko Uingereza ni askari wenyewe waliokuja kuzipenda, kwa sababu watuhumiwa wakionyeshwa mkanda wanakiri na kesi inakwisha mapema.

Wako pia wa kuwahurumia kwa upande mwingine. Dada aliyebakwa anapoingia Dawati la Jinsia, ni haki yake kukataa sura na sauti yake isiingie kwenye mashine ambayo kesho mtu anaweza kuivujisha. Mke aliyepigwa usiku, askari wanaingia chumbani amevaa kanga moja, naye pia. Mtu anayetoa siri za majambazi ndiyo usiseme. Kwa hawa kuzima kuruhusiwe, lakini aombe mwenye jambo lake, na ombi lenyewe lisikike kwenye mkanda kabla haujazimwa. Afande asiwaombee.

Wataalamu watakuja na hesabu za gharama, na hawatakuwa wanadanganya. Kamera yenyewe ni bei rahisi kuliko kuhifadhi inachonasa. Ni kama kununua printa halafu ukagundua wino. Saa nane za picha kila zamu, kila askari, kila siku, zinahitaji mahali pa kukaa, na kampuni zinazouza kamera ndizo zinazouza na mahali hapo, kwa mwaka, na mwaka unaofuata tena.

Ndiyo maana nasema tusianze na idadi ya kamera, tuanze na ufunguo. Mkanda ukitoka kifuani uende mahali ambapo OCD hawezi kuufuta wala kuubania, chombo kisichokula kwenye meza moja na polisi. Wakili wa mtuhumiwa auone kabla ya kesi, bila kumwandikia mtu barua saba. Mtu akifa mikononi mwa askari, familia ioneshwe wote, si sekunde 20, ndani ya siku zinazotajwa kwenye sheria. Na kamera ikikutwa imezimwa bila sababu, maneno ya afande kortini yasipewe uzito kuliko ya mshitakiwa. Hili la mwisho polisi watalipinga kuliko yote, na mimi naona ndilo lenye meno.

Fedha zikiwa chache, najua watakimbilia kuanza na trafiki, kwa sababu trafiki ndiye anayeonekana na ndiye anayetajwa kwa kitu kidogo. Mimi nisingeanza hapo. Trafiki akipokea noti iliyokunjwa ndani ya leseni, abiria 30 wa daladala wanamtazama na nusu yao wana simu. Ningeanza na askari wa doria ya usiku, nyuma ya karandinga, chumba cha mahojiano, na ile korido fupi kutoka kaunta hadi selo.